Kesi ya Birika

1

Gari la waya lilimshusha Mzee Anaeli Swai juu ya milima ya Upare asubuhi, ukungu ukiwa bado umeng'ang'ania migomba. Alishuka polepole, akanyoosha mgongo, kisha akagusa mfuko wa koti lake. Ufunguo ulikuwemo. Ulikuwa wa shaba, mnene kama kidole gumba, wenye alama ya Tume ya Vyumba vya Elimu. Kwa ufunguo huo yeye, Mkaguzi wa Tume, alikuwa amekwisha kufunga vyumba vya wilaya nzima, na chumba cha Shule ya Mangekeni ndicho kilichosalia.

Mwalimu Naetwe Kiure alimngojea getini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye chaki kwenye mikono ya gauni ingawa shule nyingi zilikuwa zimeisahau chaki.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Tumesikia umekuja kutuzika."

"Marahaba. Nimekuja kufunga chumba, sijaja kuzika mtu."

"Kwetu sisi ni mamoja. Ila itabidi ungoje kidogo, mtani wangu. Kuna kesi inasikilizwa."

"Kesi ya nini?"

"Ya maji."

Swai alicheka. Yeye alikuwa Mchagga wa Machame, na tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. "Nilijua tu," alisema. "Na mahakama yenyewe iko wapi?"

"Humo humo unamotaka kufunga. Na agizo lenu nimelisoma, mzee. Linasema chumba hakifungwi penye shauri ambalo halijaamuliwa."

"Shauri la wananchi, Mwalimu. Mtu mzima mwenye malalamiko. Michezo ya watoto haimo."

"Basi utaona kama ni mchezo," alijibu, akatangulia njia.

Swai alimfuata akiwa na uzito moyoni. Hakuwa mtu katili. Kama angeulizwa, angesema kwamba katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kilichompendeza kama vyumba vile, na kwamba alivifunga kwa sababu ya mtoto mmoja aliyewahi kulazwa hospitalini kule bondeni, mguu wake ukiwa umening'inizwa kwa kamba.

2

Chumba hicho kilikuwa na jina refu la kiserikali. Watoto walikiita Mtiifu.

Kwa nje kilifanana na ghala la mahindi. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha jiwe jeusi, na aliyekivuka alihisi vumbi laini likimtua mwilini kama unga unaopepea kinuni. Vumbi hilo lilikuwa chembe ndogo zisizoonekana, nazo ziliingia katika kila kilichovuka: nguo, maji, jiwe, hata pumzi. Chembe hizo zilikuwa na kazi moja. Mwanafunzi akisimama kwenye duara jekundu katikati ya chumba na kutamka kanuni, chembe zilisukuma na kuvuta kila kitu mle ndani ili kiende sawasawa na kanuni hiyo, iwe ya kweli au ya uongo. Aliyesema kwamba jiwe zito huanguka haraka kuliko jepesi, mawe yalimtii. Aliyesema kwamba sauti husafiri polepole kama kobe, aliita na kungoja.

Katika shule nyingine Swai alikuwa ameona Mtiifu akitumiwa kama kiini macho cha kufurahisha wageni. Hapa aliona kitu kingine. Madawati yalikuwa yamepangwa kama baraza la mahakama. Mbele aliketi msichana mnene mwenye miwani, shuka jeusi begani, na kila mtu akimwita Mheshimiwa. Upande mmoja alisimama mvulana mwembamba, Mbazi. Upande wa pili, mikono kiunoni, alisimama msichana wa miaka kumi na miwili hivi aliyeitwa Nikundiwe Mrutu.

Na katikati yao maji yalikuwa yakifanya jambo lisilowezekana.

Palikuwa na bwawa dogo la saruji, pana, mfano wa ndiva, yale mabwawa ambayo Wapare huyajaza maji ya kijito na kuyazibua ili yanyweshe mashamba. Chini yake lilitoka bomba, likapinda, likasimama wima kama kijiti cha muwa, jembamba, refu kuliko ukingo wa bwawa. Maji yalipanda ndani ya bomba hilo, yakaruka juu, yakaangukia gurudumu la mbao, yakalizungusha, kisha yakarudi bwawani. Yakapanda tena. Gurudumu lilisaga mahindi. Hapakuwa na pampu. Hapakuwa na waya.

"Limekuwa likizunguka tangu wiki iliyopita," Mwalimu Naetwe alimnong'oneza. "Kanuni ya Nikundiwe inasema nguvu ya maji hutokana na wingi wake. Bwawa lina maji mengi, bomba lina machache. Mengi yanayasukuma machache."

Swai alikaa kwenye benchi la nyuma. Alijua kwamba kanuni ile ni ya uongo. Hata hivyo alilitazama gurudumu lile kama mtu anavyomtazama mtoto wake aliyelala.

"Mheshimiwa," Mbazi alikuwa akisema, "mimi ndiye niliyelijenga bomba hili ili kumwonyesha mwenzangu upuuzi wake. Hakuna kitu duniani kinachozunguka bure. Kikizunguka, kuna anayesukuma."

"Kama kuna anayesukuma mwezi, mlete hapa tumpe chai," Nikundiwe alijibu.

Darasa likacheka. Hakimu aligonga meza kwa mwiko.

"Mimi nasema nilichokiona," Nikundiwe aliendelea. "Ndiva ya babu yangu ni pana. Ikizibuliwa, maji hung'oa migomba. Ndiva ya ukoo wa kina Mbazi ni kama sufuria. Ikizibuliwa, hata bata hasogei."

"Bata wetu wamefundishwa adabu," alisema Mbazi.

"Wamefundishwa kiu."

Swai alijikuta anacheka pamoja nao. Alimgeukia mwalimu. "Kwa nini humwambii jibu? Neno moja tu, kesi imekwisha."

"Ningemwambia, angeandika kwenye mtihani, apate alama zake. Kisha angerudi nyumbani, amwone babu yake anapanua ndiva ili maji yapate nguvu, naye angeshika jembe amsaidie. Nimewaona wengi wa namna hiyo, mzee. Wana jibu la shuleni na jibu la nyumbani, na majibu hayo hayajawahi kusalimiana."

"Na huyu je, akitoka humu akiamini maji hupanda bure?"

"Sheria yetu ya kwanza iko pale ukutani."

Swai aliinua macho. Kwa chaki, kwa herufi kubwa, paliandikwa: SHAHIDI LAZIMA ATOKE NJE.

"Mtiifu haruhusiwi kutoa ushahidi," alisema mwalimu. "Yeye hutii tu."

Maneno hayo yalimgusa Swai, lakini hayakumtosha. Yule mtoto wa bondeni alikuwa ametamka kwamba mtu akikimbia kwa kasi ya kutosha, mvuto humchelewa. Mtiifu wa shule yake alimtii. Siku nyingi mtoto yule alikimbia hewani kutoka dawati hadi dawati, wenzake wakimshangilia. Kisha alikwenda nyumbani, akapanda juu ya tangi la maji, akakimbia.

3

Kwa desturi ya milima ile mgeni hakai bila chai, naye huletewa pale pale alipo. Mama Elieshi, mpishi wa shule, hakuwa na habari za kesi wala za kanuni. Aliingia na birika kubwa la bati, chai ya maziwa ikifuka, vikombe vimening'inia vidoleni. Alivuka kizingiti.

Hakupiga hata hatua tatu. Chai ilitoka yenyewe mdomoni mwa birika, ikaruka kama mkojo wa mbuzi dume, ikamwagika sakafuni mbele ya miguu ya Swai.

"Eh. Birika gani hili?" Mama Elieshi alilisimamisha wima, akaliinua juu, akaliinamishia nyuma. Chai haikukoma. Ilirukia benchi, ikalowesha suruali ya Mkaguzi mpaka magotini.

Mwalimu Naetwe alikuwa amekwisha kuruka. Aliwasukuma watoto wa benchi la mbele kwa mikono yote miwili, akalipokonya birika, akaligeuzia ukutani mpaka likatema chai yote iliyokuwemo. Chini ya mdomo likabaki tumbo tupu lenye majani ya chai.

Gurudumu tu ndilo lililosikika.

"Umeungua, mzee?"

"Kidogo." Swai alikuwa amesimama, akishika kitambaa cha suruali kisimguse ngozi. Alikuwa mtulivu, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Ingeweza kuwa macho ya mtoto, Mwalimu."

"Ingeweza."

"Hiki ndicho ninachokiogopa. Hakuna haja ya kungoja kesi yenu iishe."

Mwalimu Naetwe hakubisha. Uso wake ulikuwa umepauka kama wa mtu aliyeona gari likimkosa mwanawe. "Kosa ni langu," alisema. "Nilipaswa kuweka mtu mlangoni."

Swai aliutoa ufunguo. Tundu lake lilikuwa karibu na mlango, chini ya kifuniko cha kioo. Ukizungushwa mara moja tu, chumba kingehamia hali iliyoitwa Sahihi, na toka siku hiyo kingetii kanuni za kweli peke yake. Mtoto akitamka la uongo, sauti ya upole ingemwambia: hapana, jibu sahihi ni hili. Ndivyo vyumba vyote vya wilaya vilivyosema sasa.

Alikuwa amekwisha kukifunua kifuniko alipoona kwamba njia yake imezibwa. Nikundiwe alikuwa amechuchumaa kizingitini, birika mapajani.

"Pisha, mjukuu wangu."

"Samahani, babu. Naomba chai nyingine."

"Chai?"

"Au maji. Yoyote." Hakumtazama. Alikuwa akilitazama birika kama mtu anayemtazama ndugu aliyemtolea siri mahakamani. "Mama Elieshi, ulipotoka nalo jikoni, lilikuwa linamwaga?"

"Limwage kwa nini? Nimelibeba miaka yote hiyo."

"Hata ukiliweka mezani limejaa?"

"Mtoto huyu vipi? Birika likimwaga lenyewe, nani angelinunua?"

Mbazi alikuwa wa kwanza kutoka. Alikimbilia bomba la nje, akarudi na ndoo, akamimina. Nikundiwe alilishika birika nje ya kizingiti. Maji yalitulia tumboni, yakatulia mdomoni. Alilisogeza ndani. Maji yakaruka. Akalirudisha nje. Yakatulia. Alifanya hivyo tena na tena, na kila mara uso wake ulizidi kukunjamana, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

"Sema kitu," Mbazi alimwambia, si kwa kejeli.

"Tumbo lina maji mengi," Nikundiwe alisema taratibu. "Mdomo una machache. Kwa kanuni yangu, mengi yasukume machache. Humu ndani yanasukuma. Huku nje hayasukumi." Aligusa mdomo wa birika. "Hili birika tunalo hata nyumbani. Kila siku namiminia watu chai. Kila siku lilikuwa linanipinga, nami nilikuwa naliosha na kulirudisha kabatini."

Hakimu alirekebisha miwani. "Mdai, unaondoa dai lako?"

"Ngoja."

Alilala kifudifudi juu ya jiwe jeusi, shavu chini, jicho usawa na birika, nje ya kizingiti. Alikaa hivyo muda mrefu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Swai, na tundu lilikuwa wazi, na mzee yule, ambaye katika kazi yake hakuwahi kumngoja mtu, alingoja. Alitambua kwamba anashuhudia kitu ambacho wakaguzi huandika sana habari zake na ni nadra wakikute: mtu akifikiri.

"Fungua kifuniko, Mbazi. Maji ya tumboni yamefika wapi?"

"Hapa." Mbazi aliweka kidole kwenye ubavu wa birika.

"Na ya mdomoni yamefika pale pale." Aliketi. "Tumbo ni pana, mdomo ni mwembamba, lakini yamesimama sawa. Hayajali upana. Yanajali kwenda chini." Kisha akashika kichwa. "Ndiva ya babu. Nilipoogelea pale sikuwahi kugusa chini. Ya kina Mbazi maji yananifika magotini. Niliuona upana kwa sababu upana unaonekana. Kina hakionekani."

Aliinuka, akaingia, akasimama kwenye duara jekundu. Kabla ya kutamka alilitazama gurudumu, nalo lilikuwa likisaga kwa furaha, unga mweupe ukimwagika kama siku zote.

"Naiondoa kanuni yangu," alisema. "Nguvu ya maji hutokana na kina chake, si wingi wake."

Maji yaliyokuwa yakiruka juu ya bomba yaliyumba, yakashuka, yakazama ndani ya bomba mpaka yakalingana na maji ya bwawa. Gurudumu lilizunguka mara moja kwa mazoea, kisha likasimama. Darasa zima likashusha pumzi kama watu waliofiwa.

"Nililipenda sana lile gurudumu," Nikundiwe alisema.

"Hata mimi," alijibu Mwalimu Naetwe. "Wote tulilipenda."

4

Swai alikaa kizingitini, suruali yake ikinuka maziwa. Alimwita Nikundiwe akae karibu.

"Nikuulize. Sasa Mtiifu amekubali kanuni yako mpya. Unaiamini kwa sababu yeye ameikubali?"

Nikundiwe alimtazama kwa mshangao na huruma kidogo, kama vijana wanavyowatazama wazee wanaouliza mambo yaliyo wazi. "Babu, huyu hutii tu. Kesho nikimwambia maji yapande mti, yatapanda."

"Sasa unaamini nini?"

"Birika."

Mzee aliutazama ufunguo mkononi mwake. Yapo mambo mtu huyajua kwa miaka bila kuyasikia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hiyo ndiyo aliyoinukuu katika kila shule alipozungusha ufunguo. Lakini mtoto wa bondeni hakuwa mkaidi. Alisikia la mkuu. Chumba kilimwambia kwamba mvuto humchelewa, naye akakiamini, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuuliza shahidi yuko wapi. Na vyumba vyote alivyovifunga viliendelea kusema, kwa sauti ya upole, na watoto waliendelea kuviamini. Vilisema kweli, ndiyo. Lakini mtoto aliyezoea kuamini chumba hana kinga siku chumba kitakaposema uongo.

Hata hivyo mguu wake ulikuwa unawaka. Chai ile ilikuwa moto kweli, na macho ya watoto yalikuwa karibu kweli. Hakuweza kuamua kana kwamba moja halikuwepo kwa sababu la pili lilikuwa zuri.

Aliinuka. Alitembea hadi mbele ya hakimu mwenye miwani, akauweka ufunguo wa shaba mezani.

"Mheshimiwa, mimi ni Anaeli Swai wa Machame. Ni mtu mzima, na ni mwananchi. Nina malalamiko."

Msichana yule alimtazama mwalimu wake, kisha akakaa vizuri. "Tunakusikiliza."

"Nakishtaki chumba hiki. Nasema kimemvunja mtoto mguu, ama hiki ama ndugu yake, ni mamoja. Nasema leo kimeniunguza. Nataka kithibitishe kwamba kinaweza kukaa na watoto. Kikishindwa, ufunguo ni huu, nami nitauzungusha kwa mkono wangu."

Mwalimu Naetwe alifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameelewa kabla ya wengine. Agizo lilisema chumba hakifungwi penye shauri la mwananchi ambalo halijaamuliwa.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "Tume itakuuliza."

"Iniulize. Nitaiambia nina kesi Upare. Wataelewa." Aliwageukia watoto, na sasa hakuwa akitania. "Ila msidhani nimekuja kuwafichia. Shahidi lazima atoke nje, si ndivyo mlivyoandika? Wangu yupo. Ana umri kama wenu na anatembea kwa magongo. Nitamleta aje awaambie mwenyewe kilichompata. Mtamwangalia machoni na kumjibu."

Hakuna aliyecheka. Mbazi alitazama miguu yake.

"Nani atakitetea chumba?" hakimu aliuliza.

Mikono mingi iliinuka. Wa Nikundiwe haukuinuka.

"Wewe je?" Swai alimuuliza. "Nilidhani utakuwa wa kwanza."

"Mimi nataka kuwa upande wako, babu," alisema. "Nilimpenda sana Mtiifu, karibu nisilione birika. Lazima kuwe na mtu wa kumbana."

Mwalimu Naetwe alikuwa amekwenda dirishani, akajifanya anatazama migomba. Mama Elieshi aliingia na birika jingine, akasimama kizingitini bila kuvuka.

"Kwanza niambieni," alisema, "kanuni iliyoko leo inaruhusu watu kunywa chai?"

"Inaruhusu, mama," Nikundiwe alijibu. "Karibu."

Alivuka kwa hatua ndogo, mdomo wa birika ameuelekeza ukutani. Chai ilitulia. Alimmiminia mgeni kikombe, wa pili akamwekea hakimu, kisha akaliweka birika mezani, ubavuni mwa ufunguo.

Kesi hiyo ilianza wiki iliyofuata, mtoto wa magongo akiwa shahidi wa kwanza. Mlangoni mwa Mtiifu sasa hukaa mtoto wa zamu, na hakuna kinachofuka kinachopita bila yeye kukikagua. Mzee Swai hupanda gari la waya kila kesi inapotajwa, na kila mara Tume humuuliza lini itaamuliwa. Yeye hujibu kwamba mashahidi bado wanaendelea kufika, na kwamba aliyetaka hukumu ya haraka asingeipeleka kwa Wapare.